Sauti Juu ya Shimo

"Bakikuuliza, sema tu: sibajue."

Mama Suzanne alikuwa akimfunga binti yake kilemba kwa hasira, akivuta kitambaa huku na huku utadhani kichwa kile hakina mwenyewe. "Sibajue. Neno moja tu. Batakunywa munkoyo yabo, batashukuru, batarudia kwabo. Hakuna mwenye atapata haya."

"Lakini minye ninamujua, mama."

"Unajua nini ya ule muntu? Unajua macho yake. Macho kila muntu iko nayo. Minye ninajua kile alifanya mutoto wangu."

Fortunée akafunga mdomo. Si kwamba alikuwa mtu wa kukosa jibu. Waulize majirani wa kambi nzima ya Panda, watakueleza. Lakini kaka yake Stanislas akiguswa, hata kwa mafumbo tu, ulimi wake ulikuwa unakwisha nguvu.

Desturi ya kwao ni hii. Mwanaume akija mara ya kwanza na wakubwa wake kubisha mlango, hakuna zawadi inayoguswa mpaka binti aitwe sebuleni na kuulizwa mbele ya wote: hawa watu unawajua? Akisema ninawajua, mazungumzo yanaanza. Akisema siwajui, wageni wanamaliza vinywaji vyao, wanaaga kwa adabu, na mambo yamekwisha. Jumapili hiyo, watu wakiwa wametoka tu kanisani, Fortunée alikuwa ameandaliwa neno la kumkana mtu ambaye moyo wake ulimtaja kila asubuhi kabla ya yeye mwenyewe kuamka.

Mtu huyo aliitwa Octave. Alikuwa akipakia mawe ya chokaa Kakontwe, na aoge namna gani, kope zake hazikuacha weupe, ukimwona ungesema mzee amepewa uso wa kijana. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mashimo ya shaba pamoja na Stanislas, na pamoja na Isidore, mdogo wake Mama Suzanne. Siku shimo lilipoanguka, Isidore alitolewa na mguu uliovunjika. Stanislas hakutolewa. Watu walichimba, wakalia, wakachimba tena, na mwishowe mchungaji akaja kuusomea udongo wenyewe. Hawakumzika kwa sababu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja zaidi. Mama Suzanne aliacha kufunga komeo la mlango wa mbele. Akiulizwa, alisema komeo limeharibika, na komeo lilikuwa zima kabisa.

Kwa Fortunée, kaka yake alikuja kwa njia nyingine. Fortunée alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yao. Alipenda kuimba jinsi wengine wanavyopenda kula; hakuimba ili asifiwe, aliimba kwa kuwa kifua kilifunguka na dunia ikawa na nafasi. Sasa alisimama na wenzake kila Jumapili akichezesha midomo bila sauti. Kila alipojaribu kuimba, hata akiwa peke yake akifua, alisikia sauti nzito ya Stanislas ikiingia chini ya sauti yake, ikitoka chini ya sakafu, chini ya udongo, mahali pake palepale pa zamani walipokuwa wakiimba pamoja. Alikuwa akikatiza wimbo na kubaki na nguo mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

Na alikuwa na siri. Siku ile alikuwepo.

Mwanamke hafiki kwenye shimo. Wachimbaji wanasema akifika, jiwe zuri linakimbia, na ole wake atakayekutwa. Lakini Fortunée alikuwa na mpenzi. Octave ndiye aliyekuwa mtu wa kamba, yule anayebaki juu, na kazini aliimba tangu asubuhi. Basi Fortunée alikuwa akipita nyuma ya mlima wa kifusi na bukari, ugali wa kwao, iliyofungwa kitambaani, anajificha pale, na Octave akiimba yeye anamwitikia kidogo kidogo. Ndivyo walivyopendana, hawaonani, wanasikilizana.

Siku ile Octave alikatiza wimbo katikati. Fortunée akafikiri amemwachia, kama kwaya inavyofanya, mwanaume anaacha na wanawake wanapokea. Akapokea. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya kijinga ya mtu anayependwa, akaimba kwa kifua chote. Mara Octave akatokea akikimbia nyuma ya kifusi, akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa vumbi, na hapohapo ardhi ikashuka. Alimwambia, "Enda! Usionekane hapa, enda!" Fortunée akakimbia. Na siku zote alijua kwamba mkono ule ulimziba ili watu wasigundue kuna mwanamke kwenye shimo.

Wageni wakabisha hodi.

Mzee Numbi, baba mdogo wa Octave, dereva wa malori mwenye maneno mengi kuliko safari, aliingia akisifu kila kitu, viti, mapazia, hata joto. Octave aliingia nyuma yake, kofia mkononi. Isidore alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, gongo lake limeegemea goti, na hakunyanyuka.

Fortunée akaleta munkoyo. Alipofika mbele ya Octave, glasi zikaanza kugongana kwenye sinia. Octave akanyoosha mkono, akashika ukingo wa sinia mpaka glasi zikatulia. Alimtazama tu, mtazamo wa mtu anayeaga. Fortunée alimpenda mwanaume yule. Angemwambia mama yake neno hilo mara elfu kama mama angekuwa na masikio ya kulisikia.

"Ma fille, rudia jikoni," Isidore akasema. "Tutakuita."

Akatoka, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya pazia la korido.

"Ndugu Isidore," Mzee Numbi alianza, "shiye tumekuya na moyo mweupe. Huyu mutoto wetu ameona ua mu nyumba yenu..."

"Acha ua kwanza, papa. Mbele ya kumuuliza mutoto, niko na neno." Isidore alikohoa. "Kuko mambo ya mu shimo haisemwake mbele ya banamuke. Leo nitaisema, sababu mwenye alikufa ni mutoto ya dada yangu, na dada yangu iko na haki ya kujua ni juu ya nini ninakataa."

"Sema," Mama Suzanne akasema.

"Ku mudomo ya shimo kunakuwaka muntu wa kamba. Anaimba. Haina ya kufurahisha bantu, non. Akiimba, shiye kule chini tunajua kama juu kuko muzuri. Akiona udongo inapasuka, hapigake kelele. Kelele kule chini haieleweke, bantu bataogopa, batakanyagana. Anakata tu wimbo. Wimbo ikikatika, unaacha nyundo, unapanda. Njo sheria yetu. Hata mulevi anaijua."

"Na ile siku?"

"Ile siku haikukatika, dada. Nilisikia na hii masikio. Iliendelea, tena na nguvu, mupaka udongo ikatufunika. Huyu alikuwa anajisikia sauti yake, bwana! Anaimba sawa ku concert, na shiye tunakufa!"

Isidore akamgeukia Octave. "Nakuuliza mbele ya mama wa marehemu. Wimbo ilikatika?"

Octave alitazama kofia yake. "Tonton Isidore alikuwa kule chini," akasema polepole. "Kama anasema haikukatika, haikukatika."

"Mumesikia! Yeye mwenyewe!"

Nyuma ya pazia, Fortunée alishika ukuta. Sheria ile hakuwahi kuisikia. Nani angemwambia mwanamke? Kumbe Octave alikuwa amenyamaza. Aliona udongo unapasuka, akakata wimbo kama ilivyompasa, na wale walioko chini wangeanza kupanda. Ni yeye, Fortunée, aliyeuokota wimbo na kuuendeleza. Kiganja kile mdomoni mwake hakikuwa kumficha. Kilikuwa kumnyamazisha.

Alipita jikoni bila kuona kitu, akasukuma mlango wa nyuma, akatokea uani, akajishika kwenye kamba ya nguo. Akasikia miguu nyuma yake. Mgeni haondoki hivyo sebuleni mwa watu, ni utovu wa adabu, lakini Octave alikuwa ameondoka.

"Fortunée."

"Ulijua."

Octave akainamisha kichwa.

"Octave, angalia minye. Ulijua?"

"Nilijua."

"Bantu banakuita muuaji. Kanisani bantu banahama benchi ukikaa. Ulipotea ku Kakontwe kuvunja mawe sawa mufungwa wa Buluo. Na ulikuwa unajua ni minye?"

"Haukujua sheria. Ni minye nilikuleta karibu na shimo. Nilikufurahia. Ulikuwa unaniitikia, minye nafikiri ni mapenzi tu, ni muchezo tu. Shimo haina muchezo. Nimejifunza, lakini nimejifunza na maisha ya mwingine."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie ili uishi namna gani? Niliona sauti yako imekufa hata haujajua kitu. Ukijua, ungekufa mwili muzima."

Fortunée akalia, si kilio cha kwikwi, machozi tu yakishuka yenyewe. Octave alinyoosha mkono amfute, kisha akaurudisha. Ulikuwa ni mkono ule ule, na wote wawili walilijua hilo.

"Sikia," akasema. "Ingia, sema haunijui. Nitaenda. Mama yako atabaki na muntu wa kuchukia, na atabaki na mutoto wa kupenda. Ukisema kweli, atabaki na nini?"

"Na weye? Utabaki na nini?"

"Minye nimezoea."

"Usiniambie umezoea!" Fortunée alimshika shati kifuani kwa mikono miwili. "Mwanaume gani weye? Unanipenda mupaka unanifanya muwongo ku mama yangu, ku ndugu yangu mwenye iko chini ya udongo? Ile haina mapenzi, Octave. Ile ni kunizika."

Octave akafumba macho. Kope zake nyeupe zilikuwa zimelowa. Ndani, Isidore akaita kwa sauti kubwa, "Fortunée! Kuya!"

Alimwachia shati. Alijua mama yake anaweza kumfukuza nyumba ile. Alijua anaweza kumpoteza mama na Octave kwa mchana mmoja, maana mwanaume aliyejificha kwa sababu yako anaweza asikusamehe ukimfichua. Akaingia.

Sebuleni wanaume wote walikuwa wamesimama. Octave alirudi kando ya Mzee Numbi, akatazama sakafu. Mama Suzanne aliketi wima, mikono mapajani, akimtazama binti yake kwa jicho la kumkumbusha.

"Mutoto wetu," Isidore akasema kwa sauti ya sherehe, "hawa bantu bamefika kwetu. Unabajua?"

Fortunée alifungua mdomo. Alijaribu kusema nilikuwa pale, ni mimi, na maneno yakakataa. Basi akafanya kitu pekee ambacho koo lake liliwahi kukijua vizuri.

*Usifunge mulango, Baba, minye ningali njiani,*
*miguu inachoka, lakini moyo inaimba...*

Sauti ilikuwa na kutu. Ilikwaruza kwenye mstari wa kwanza, ikatetemeka kwenye wa pili. Mama Suzanne aliruka, "Una wazimu? Mbele ya bageni?" Lakini Fortunée aliendelea, na alipofika kwenye lile neno *njiani*, akalivuta juu, akalishikilia na kulishusha taratibu, kama alivyofanya siku ile.

Gongo la Isidore likaanguka.

"Non," Isidore akasema. "Non, non. Imba tena ile. Ile ya njiani."

Akaimba.

Isidore alishika viti vya pembeni kana kwamba nyumba inatikisika. "Ni ile," akanong'ona. "Suzanne, ni ile sauti. Kule chini sauti inafika sawa inatoka mu bidon, mu debe tupu, huwezi kujua ni ya nani. Lakini hii njiani, hii..." Akamwangalia Fortunée. "Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale, tonton. Nyuma ya kifusi. Octave alinyamaza. Alinyamaza sawa sheria yenu inasema. Ni minye nilipokea wimbo. Sikujua. Mungu anajua sikujua." Akamgeukia mama yake, na sasa maneno yalikuja. "Mama, mumeniuliza kama ninamujua. Ninamujua. Njo huyu muntu mwenye alibeba kosa yangu ku mabega yake, mukamutukana, akanyamaza."

Nje mtu alipita na redio, ikasikika, ikapotea. Mama Suzanne hakulia wala hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umebaki wazi kama nyumba iliyohamwa, na Fortunée aliona heri angempiga.

Isidore alikaa chini taratibu, jasho likimtoka.

"Suzanne, kuko kintu sijakuambiaka. Nilifikiri ilikuwa muchezo yake tu. Wimbo ilipopanda, Stanislas alinivuta mukono. Alisema, 'Tonton, sikia, ule ni Fortunée.' Nilimucheka. Nilimuambia, mwanamuke atafika huku na njia gani? Yeye akaweka nyundo chini. Akacheka. Akasema, 'Minye ndugu yangu ninamujua.'" Isidore akafuta uso kwa mkono wa shati. "Alianza kumuitikia. Na ile sauti yake ya chini. Balikuwa banaimba bote mbili, mupaka mwisho."

Fortunée alihisi nywele zikimsimama chini ya kilemba. Basi ile sauti nzito iliyomfuata kwenye kufua, kanisani, barabarani, haikuwa wazimu. Alikuwa ameisikia siku ile, pale pale juu ya shimo, ikipanda kutoka chini, na masikio yake yakaificha kwa sababu yeye asingeweza kuibeba.

"Alikuwa na furaha?" Mama Suzanne akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Alikuwa na furaha, dada."

"Hakuwa peke yake?"

"Alikuwa na ndugu yake."

Mama Suzanne aliangalia mlango wa mbele, ule usiofungwa, akauangalia kwa muda mrefu. "Minye kila siku ninamuona mu giza," akasema. "Anaita. Hakuna mwenye anamujibu. Ninalala na ile, ninaamuka na ile." Akanyanyua macho kwa binti yake, na macho yale yalikuwa na upendo na kitu kingine kigumu, vyote pamoja. "Sijue kama nitakusamehe, Fortunée. Usiniulize leo. Labda kesho nitakuchukia. Sijue."

"Ndiyo, mama."

"Lakini kaa karibu yangu. Imba. Yote, tangu mwanzo. Minye ni mama yake, nataka kusikia kile mutoto wangu alisikia."

Fortunée akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka mikono kwenye mapaja ya mama yake. Alifunga macho, akaanza. Mistari ya mwanzo ilitoka kwa shida. Kisha kifua kikafunguka, kidogo, kama dirisha lililokaa sana bila kuguswa, na wimbo ukapita. Na ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba baada ya yote ambayo wimbo ule ulikuwa umeyafanya, bado ulikuwa mtamu, na yeye alikuwa bado mtu wa kufurahi. Chini ya sauti yake, chini ya sakafu, ile nzito iliingia mahali pake. Safari hii hakukatiza. Aliiachia nafasi, akaimba nayo, machozi yakimwingia mdomoni, na mama yake akaanza kuyumba polepole kwenye kiti, macho yamefumbwa.

Mzee Numbi alimgusa Octave kiwiko. Nyumba yenye msiba mpya haikaliwi na wageni, na mazungumzo waliyoyafuata yalikuwa hayajaanza. Octave aliinama, akaweka glasi yake mezani bila mlio, akachukua kofia. Alimtazama Fortunée mara moja, mara ile ya mtu anayetaka kubeba kitu cha kumtosha njiani, akageuka kwenda mlangoni kwa ncha za miguu.

"Octave."

Mama Suzanne hakuwa amefumbua macho. Mkono wake ulikuwa juu ya kilemba cha binti yake, ukikigusa kidogo kidogo, ukilegeza fundo alilolikaza asubuhi.

"Kaa chini, mutoto wangu," akasema. "Wimbo haijaisha."